Gari Linalosubiri Pumzi Mbili

Njiru, Nairobi
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Kwa dada yangu Nafula,

Mulembe, dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana najua ukisimama sana lile goti la kulia linakusumbua hadi siku ya pili. Je, dawa ya kuchua niliyokutumia bado ipo, au shemeji ameimalizia mgongoni mwake? Ng'ombe je, amezaa? Na maharagwe yametoka vipi baada ya mvua kukatika ghafla vile? Mimi nipo, mwili hauna neno, nakula na kulala. Nisalimie watoto wote hapo bomani, hata wale ambao siku hizi wana watoto wao.

Najua utashangaa kuona karatasi. Mara ya mwisho kukuandikia barua nilikuwa kijana, nalala chumba kimoja na wenzangu watatu, na nusu ya barua ilikuwa kukuomba unisemee kwa baba. Lakini kwenye simu, dada, mimi siaminiki. Ukiniuliza hali nasema njema kabla hujamaliza swali. Ukinyamaza kidogo ili niseme yaliyo moyoni, naanza kukueleza habari za mvua. Jumatano uliniuliza, tena kwa ukali kidogo, ni ugonjwa gani huu wa gari usiopona tangu mwezi wa tano, na mimi nikakata simu nikisingizia chaji. Chaji ilikuwa imejaa. Leo nimetoka kanisani, nimevua koti, nimekaa mezani nikusimulie habari ya gari hili toka mwanzo.

Unajua tulivyohamia huku. Khalayi alitaka nyumba yenye geti letu wenyewe, tukajenga pole pole miaka kumi na mmoja, tukahama Jericho mwaka juzi mwezi wa pili, na mwezi wa sita nikamleta huko nyumbani tukamzika. Alilala katika nyumba yake miezi minne tu. Kule Jericho mlango wetu ulikuwa haufungwi mchana. Mtu akikaanga samaki, nyumba tatu zinajua na mbili zinakuja na ugali. Huku kila mtu ana ukuta na geti jeusi. Asubuhi nasikia mageti yanafunguliwa, magari yanatoka, mageti yanafungwa, halafu kimya hadi jioni. Jirani wa kulia bado ananiita yule wa nyumba ya kijivu. Griffins hunipigia kutoka Qatar kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na ni mtoto mwema, lakini naye anataka kusikia kwamba baba yuko sawa ili akalale. Basi namwambia niko sawa.

Mwezi wa nne nikanunua gari. Lilikuwa wazo la Khalayi. Miaka ishirini na saba niliyoendesha lori la mkate, kampuni ilikataza kupakia mtu mbele, hata mke wa dereva, na mimi unanijua kwa sheria. Kiti cha mbele kilikaliwa na krati za mikate. Khalayi alikuwa akisema nikistaafu tununue gari dogo, naye akae mbele, mikate ikae nyuma. Nikalinunua kwa mwalimu mmoja wa Kayole aliyekuwa anahamia Kisumu. Gari dogo la rangi ya fedha, limezeeka Japani na likazeeka tena hapa, lakini ndani safi. Ila lilikuwa la otomatiki. Mimi niliyezoea gia za lori, zile za kuvutana nazo kama unamtoa fahali zizini, nikajikuta na pedeli mbili. Mguu wangu wa kushoto ulistaafu mara ya pili.

Wiki ile ile nikaijua tabia yake. Asubuhi, nikitoa gia kwenye P na kuiweka D, gari haliendi. Linasubiri. Nilihesabu: pumzi mbili kamili, navuta na kutoa, navuta na kutoa, ndipo linashtuka na kuruka mbele kama mtu aliyeitwa jina. Barabarani, likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini inalia kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, halafu linashika ghafla na kisogo changu kinagonga kiti. Kwenye matuta ya Kangundo Road walio nyuma yangu walinipigia honi hadi nikaona aibu, mimi niliyekuwa nawafundisha madereva wapya kazini.

Nikaulizia fundi, nikaelekezwa gereji ya Githinji, kiwanja kilichozungushwa mabati, chenye mafundi saba, kila mmoja na kazi yake. Wa giaboksi anaitwa Syombua. Ndiyo, ni mwanamke, wa miaka thelathini na kitu, ovaroli ya bluu, kitambaa chekundu kichwani. Kwao ni Masii. Alisomea chuo cha ufundi, kisha akawaoshea wenzake vyuma miaka mitatu kabla Githinji hajampa meza ya giaboksi. Mimi nikafanya kosa la kizee: nikamtazama, nikamuuliza fundi yuko wapi. Akanijibu kwa upole kwamba fundi ameenda kunitafutia kiti, kisha akaenda, akaniletea kiti.

Aliniomba nimwendeshe. Namna yake ya kufanya kazi ni hiyo: anakaa kiti cha mbele kando yako, anafumba macho, anasikiliza. Tukashika njia ya Ruai. Kwenye mteremko wa darajani nikafanya nilivyofanya kwenye lori miaka yote: nikatia free, gari lishuke lenyewe, niokoe mafuta. Akafumbua macho kama aliyemwagiwa maji. Akaniuliza kama nafanya hivyo kila mteremko. Nikamwambia kwa fahari kwamba kila mteremko, na kwamba toka Limuru hadi Nakuru hakuna dereva wa mkate aliyenishinda kwa free. Akajipiga paja, akasema, “Mzee, unaua hii gari na mkono wako mwenyewe!” Akanieleza kwamba lori lilinivumilia, lakini otomatiki ukilitia free likiwa mbioni, kisha ukalirudisha D, vyuma vya ndani vinasagana na oili inaungua. Na kweli, alipoifungulia ile oili chini ilitoka nyeusi, inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Alisafisha, akabadilisha chujio, akatia oili inayostahili, kisha akachomeka kompyuta yake ndogo na kuliambia gari lisahau mazoea ya zamani. Alisema magari haya hujifunza mguu wa mwenyewe, kwa hiyo niufunze mguu wangu adabu.

Kazi ilichukua siku nzima. Saa saba wakakaa kwenye benchi kula madondo na chapati, wakanisogezea sahani bila kuniuliza. Kijana mmoja fundi wa injini, Kim, akataka kujua nilikuwa nafanya kazi gani. Nikawaeleza habari za lori, na ile siku krati arubaini zilipomwagika Gikomba na watu wote wakageuka kuwa jamaa zangu. Walicheka hadi Githinji akatoka ofisini kuona kuna nini. Kim ndiye aliyeanza kuniita Mzee Mkate. Dada, tangu nihamie Njiru, hilo ndilo jina la kwanza nililopewa.

Jioni tukaenda tena Ruai, Syombua kando yangu macho amefumba, na gari likaenda kama maji. Aliniambia giaboksi inaimba sasa, niende kwa amani.

Nilikaa nyumbani siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu nikarudi gereji, nikamwambia Syombua kwamba lile jambo limeanza tena. Alishangaa, akafuta mikono, akaingia garini, tukaenda Ruai. Hakusikia kitu. Nikamwambia hutokea asubuhi tu. Akaniambia nimwachie gari, akalikagua upya. Nilipotaka kujua gharama, Githinji akasema kazi ya kurudi hailipishwi, ni sheria ya gereji yake. Nikala chapati, nikasimulia habari ya afisa wa barabarani aliyekuwa akila mkate wa maziwa tu.

Ikawa hivyo. Mwezi wa sita nilimwambia linasubiri likiwa limepoa. Akaja hadi kwangu asubuhi na mapema kulisikiliza likiwa baridi, na gari likaondoka bila neno. Nikamwambia linamwonea haya, akacheka. Mwezi wa saba nilimwambia ni wakati wa mvua. Siku ile ile nikaongeza kwamba hutokea nikiwa peke yangu. Yote aliyaandika katika daftari dogo lenye mafuta mafuta, tarehe na saa. Wakaninunulia kikombe changu cha bati, cha kijani, na Kim akakiandika MKATE kwa rangi ya gari. Kilining'inia msumarini pamoja na vyao.

Nje ya ofisi ya Githinji kuna bati lililopakwa rangi nyeusi. Majina ya mafundi yameandikwa juu yake, na mbele ya majina kuna mistari ya chaki. Kila nilipokuja, Githinji alitoka akachora mstari mmoja mbele ya Syombua. Kim alikuwa na mmoja, wengine hawakuwa na hata mmoja, Syombua akafika miwili, mitatu. Kule kiwanda cha mkate tulikuwa na ubao kama huo: kila mstari ni safari uliyopeleka, na mwenye mistari mingi ndiye hodari. Kwa hiyo nikafurahi kwamba namwongezea binti wa watu mistari. Siku moja hata nilimpongeza kuwa amewaacha wanaume mbali. Aliniangalia, akaenda kunawa mikono kwa mafuta ya taa.

Mwezi wa tisa akaniambia hana njia nyingine ila kuishusha giaboksi nzima. Alifanya kazi siku mbili. Alitandaza turubai, akapanga kila chuma kwa mpangilio wake, akikipangusa na kukigeuza juani. Mimi nilikaa kando na kikombe changu, nampa spana aliyoitaka, namsimulia habari za Khalayi. Aliniuliza Khalayi alipenda nini, nikamwambia alipenda kukaa mbele. Zilikuwa siku mbili nzuri kuliko zote nilizokaa Njiru, nakuambia ukweli. Hakuona kasoro hata moja. Alipokuwa anairudisha akasema, bila kunitazama, kwamba labda sikio lake limekufa. Siku hizi akifika nyumbani anajipima kwa friji ya jirani, kama bado anaisikia kupitia ukutani. Nikamwambia asikate tamaa.

Sasa nifike Alhamisi hii. Nilienda saa nne asubuhi. Githinji alikuwa langoni, nikamwambia limerudia. Akaingia ndani, akachukua chaki, akapiga mstari wa tano juu ya ile minne, kama watu wanavyofunga hesabu ya tano. Nikamwambia Kim kwa furaha kwamba leo Syombua amefunga fungu zima. Kim akanivuta kando. Akasema, “Mzee Mkate, kwani hujui? Hizo si za sifa, ni za kazi ya kurudi. Zikifika tano fundi anatoka kwa meza, anarudi kuosha vyuma.” Akaniambia Githinji ameshamwagiza yeye Kim ajiandae kuichukua meza ya giaboksi, na kwamba hataki, lakini atakataaje.

Nilitazama lile bati, dada. Mistari mitano, yote yangu.

Githinji si mtu mbaya. Alinieleza mwenyewe kwamba hataki mtu yeyote aseme amemwonea Syombua kwa sababu ni mwanamke. Kwa hiyo Jumamosi mafundi wote watakusanyika, na mimi nije niseme mbele yao gari linafanya nini, kwa maana dereva wa miaka ishirini na saba hawezi kukosea habari ya gia. Syombua alikuwa amesimama pale na daftari lake. Alisema tu kwamba kama Mzee anasema linasubiri, basi linasubiri, ni yeye ambaye hasikii. Nikaondoka bila kuaga. Sikunywa chai yao.

Nafula, ukweli ni huu. Gari hili halina ugonjwa. Tangu siku ile ya kwanza Syombua alipolitia oili mpya, halijasubiri hata nusu pumzi. Asubuhi linaondoka, kwenye mvua linaondoka, nikiwa peke yangu linaondoka. Nilidanganya mara ya kwanza, na ya pili, na zote tano.

Zile siku kumi na mbili nilizokaa nyumbani na gari zima, siku ya mwisho nilikwenda dukani kununua maziwa. Nilipofungua mdomo sauti ikakwama. Nikakohoa, nikajaribu tena, ndipo ikatoka. Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka kwamba tangu Jumapili sikuwa nimesema neno kwa mtu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Griffins alikuwa bado hajapiga. Nikaogopa. Kesho yake nikawasha gari, nikajikuta naelekea gereji, na langoni nilipoulizwa shida ni nini, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema nini? Ningesema nimekuja kukaa? Gereji si mahali pa kukaa bila gari bovu. Na lile jambo la Ruai, mtu kukaa kando yangu kiti cha mbele, kimya, anasikiliza kwa makini kitu ninachokiendesha mimi. Nilikuwa mpweke, dada. Naliandika neno lenyewe kwa sababu kwenye simu halitoki.

Na wewe pia nilikudanganya. Mwezi wa nane mliposakafia kaburi la mama, nilikuambia giaboksi imelala kabisa. Giaboksi haikulala. Niliamka nikavaa, nikaweka begi nyuma, nikakaa kwenye usukani na geti liko wazi. Nikatazama kile kiti kando yangu. Safari yangu ya mwisho katika njia hiyo Khalayi alikuwa ndani ya sanduku, kwenye gari lililo nyuma yangu, na nikifika najua mtaniuliza naishije, nani ananipikia, nitaoa lini. Nikashuka, nikafunga geti, nikakupigia simu. Wewe ukanipa pole, ukaniambia niwe mwangalifu na mafundi wa Nairobi, ni wezi. Nami nikakubali kwamba ni wezi. Nisamehe hilo kwanza, halafu usome yaliyobaki.

Ijumaa sikula. Jumamosi, yaani jana, nikaenda. Walikuwa wamekaa kwenye benchi wote saba, na Githinji amesimama karibu na bati lake. Akaniuliza, kwa heshima, niwaeleze gari linafanya nini. Nikasimama. Nikawaambia halifanyi kitu. Nikawaambia kazi aliyoifanya Syombua mwezi wa tano ilikuwa kamili, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakuja kuwadanganya, kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna mtu na kwao kulikuwa na watu. Nikawaambia ile mistari nilidhani ni ya safari za mkate. Sauti ilikwama katikati, nikakohoa, nikaendelea.

Mmoja alicheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Kim alisema, “Aki mzee, umetuchezea,” akageuka upande. Githinji alichukua kitambaa, akakichovya maji, akafuta mistari yote mitano, akaendelea kufuta hata pale palipokuwa pameshatakata. Kisha akamuuliza Syombua anataka nifanywe nini.

Syombua alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akaketi kwenye usukani. Mimi nikazunguka, nikakaa kiti cha mbele upande wa abiria, mahali nisipopata kukaa hata siku moja katika gari hilo. Alituendesha hadi Ruai na kurudi. Gari lilibadilisha gia bila mtu kujua limebadilisha lini. Nje ya lango akasimama, akaacha injini inanguruma, akasema miezi mitano amekuwa akidhani masikio yake yanakufa. Alikuwa amemwambia mama yake kule Masii kwamba huenda akaacha ufundi. Alisema mwizi angeweza kumsamehe, kwa sababu mwizi huchukua akaenda, lakini mimi nilikaa pale, nikanywa chai, nikampa spana, nikimtazama anavyohangaika. Nilimwambia naomba radhi, nikalia, mzee wa miaka sitini na mmoja, mbele ya gereji mchana kweupe. Hakunibembeleza, na sikustahili.

Alishuka akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kile kikombe changu cha kijani. Akanipa dirishani, akainama, akafunga kitu kidogo chini ya usukani, akasema, “Nenda nyumbani, Mzee.” Hakusema Mzee Mkate. Mzee tu, kama anavyomwambia mtu yeyote.

Nilirudi, nikakiweka kikombe mezani, nikakitazama hadi jua likashuka. Nilijua wamenifukuza, na kwa haki. Sikwenda kuangalia alichofunga. Leo baada ya kanisa ndipo nilipotafuta miwani, nikaingia garini. Ilikuwa ile kadi ya oili wanayowafungia wateja wote, inayokuambia urudi lini kukaguliwa. Ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi zimesimama wima kama mwenyewe. Giaboksi nzima. Ikaguliwe baada ya kilomita elfu tano. Chini yake ameandika “si kabla” na kupiga mistari miwili. Halafu chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo, ameandika: aje na kikombe chake.

Kisha nikasoma mita. Tangu mwezi wa nne nimeendesha kilomita mia tisa, karibu zote kati ya geti langu, gereji na Ruai. Kwa mwendo huo, elfu tano zitaniishia baada ya karibu miaka mitatu. Sina miaka mitatu ya kukaa na kikombe hiki mezani, dada. Kutoka hapa hadi kwako ni karibu kilomita mia nne, na kurudi mia nne. Nikija mara sita ni elfu nne na mia nane. Zile mia mbili zilizobaki nitazimaliza nikienda kanisani Jericho kila Jumapili, kule ambako bado wananijua kwa jina la ubatizo.

Barua hii inatangulia kwa basi la kesho, mimi nafuata Ijumaa. Nitafika saa kumi na moja jioni, sitakimbia, wala sitatia free. Nimemnunulia shemeji ndara za tairi za Kariokor, zile ngumu alizokuwa akizililia, mwambie asinunue nyingine. Wasalimie wote, na majirani wa ng'ambo ya mto. Jumamosi unipeleke kwa mama, na kwa Khalayi. Tafadhali vaa vizuri, kwa sababu utakaa mbele.

Ni mimi nduguyo akupendaye,

Wasike
(Mzee Mkate)